Mutu wa Shamba Tu

Othman alikuwa anafuta viti mwenyewe. Mwenye duka la mabati na misumari pale Kayanga, mtu ambaye hata kikombe chake cha chai huletewa na kuondolewa mbele yake, Jumapili ile alishika kitambaa chenye maji akakipitisha kwenye viti vya sebuleni, kimoja baada ya kingine, huku akiimba kaswida kwa sauti ya puani.

Nasreen alimtazama baba yake kupitia upenyo wa pazia la chumba cha ndani. Dharau ikampanda kooni kama kiungulia.

"Bibi, muone mwanao."

"Namuona," alijibu Bibi Maua, bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu alimokuwa akichambua kahawa ya kutafuna. "Nilipomzaa hakuwa na mikono. Leo imeota."

Bibi Maua ndiye aliyemlea Nasreen tangu mama yake alipofariki. Watu wake walitoka pwani zamani, wakaja Karagwe na biashara ya nguo, wakabaki. Ushairi aliurithi kwao. Kahawa ya kutafuna alijifunza hapa. Katika nyumba ile mgeni wa heshima hakupewa chai kabla hajapokea kahawa ile iliyochemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa juani na maganda yake, akaitafuna taratibu.

"Umekumbuka niliyokwambia?" Nasreen aliuliza.

"Nimekumbuka. Aliyetumwa Igurwa ameshaondoka na bodaboda. Baba yake Ade atakuja." Bibi alimkazia macho. "Na wewe unakumbuka uliyoniambia?"

"Ade akisimama mbele ya watu akasema 'huyu ni baba yangu', nitanyamaza."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole. Katika nyumba ile mwari anayechumbiwa huulizwa mbele ya wazee, naye akinyamaza, amekubali. Kimya chake ndiyo ridhaa yake. Hiyo ndiyo zawadi Nasreen aliyokuwa amemwekea Adelard, aliyekuwa anakuja kumposa siku hiyo: kimya kimoja, kwa neno moja.

"Na asiposema?"

Nasreen alikuwa anavitazama viti.

Miaka michache nyuma, hakuna aliyevifuta viti vile. Mzee Hategekimana wa Igurwa, anayepalilia migomba ya watu na kuvuna kahawa ya watu, alisimama katika sebule ileile, kofia mkononi, amekuja kumuombea mwanawe mke. Othman hakumpa kiti. Alimwacha asimame kama muuza kuku.

"Wewe Hategekimana," alimwambia, "hata jembe unaloshika si lako. Binti yangu umemuona kwenye shamba gani?"

Mzee aliizungusha kofia yake mkononi. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake chenye Kinyarwanda tumboni: "Bwana we, mimi ni mutu wa shamba tu. Lakini mutoto wangu anamupenda mutoto wako."

Othman akamuonyesha mlango.

Watu wawili waliyasikia maneno yale kwa kuiba. Nasreen aliyasikia nyuma ya pazia, akalia mpaka kanga ikalowa. Adelard aliyasikia nyuma ya geti. Yeye hakulia. Aliyahifadhi.

Wakati huo Adelard alikuwa mpiga debe wa stendi ya Kayanga, kijana mwembamba aliyewafanya abiria wacheke hata basi lilipochelewa. Usiku alikuwa anamtumia Nasreen mashairi kwenye simu, machafu kwa mizani, masafi kwa moyo. Baada ya baba yake kuonyeshwa mlango akaanza kusherehesha harusi, leo Ihembe, kesho Nkwenda kule Kyerwa. Huko ndiko alikovaa kofia kuukuu kwa mara ya kwanza, akaizungusha mkononi, akasema: "Bwana we, mimi ni mutu wa shamba tu!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mtu akarekodi kwa simu. Video ikasafiri kuliko basi lolote alilowahi kulipigia debe, na yeye akaifuata mpaka Dar es Salaam.

Sasa alikuwa Ade Cheko. Alikuwa na kipindi chake cha televisheni, Kesha na Ade, kilichoanza watu wakishamaliza kula na kumalizika watoto wakiwa wamelala sakafuni. Alikaa nyuma ya meza inayong'aa, akahoji wanamuziki na wacheza mpira, na kila wiki, mwishoni, alivaa kofia ile na kugeuka kuwa Mzee Mkungu, mkulima mjinga kutoka milimani asiyejua lifti, asiyejua choo cha kukaa, anayeomba radhi kwa kila mtu. Nchi ilimpenda Mzee Mkungu. Watoto wa shule walimuiga. Wauza fulana walimchapa kifuani.

Halafu ikaja ile siku ya machozi. Mgeni alimuuliza Ade: "Mzee Mkungu umemtoa wapi?" Ade akainamisha kichwa. Akasema huyo alikuwa marehemu baba yake, na kwamba anamuigiza ili asisahaulike. Watazamaji walilia. Nasreen alikuwa ameshika sahani ya wali siku hiyo. Aliiweka chini. Jioni ileile alikuwa amemuona marehemu sokoni, akibishana na muuza chumvi.

*

Magari yalipiga honi. Mtaa mzima ukatoka.

Adelard alishuka akiwa amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi, na miwani aliyoivua taratibu ili watu wapate nafasi ya kumtambua. Nyuma yake alishuka mpiga picha, jibaba lenye ndevu na kamera begani. Wa mwisho alikuwa mzee wa makamo aliyevaa suti na viatu vyenye ncha.

"Karibuni, karibuni sana!" Othman alitoka nje bila viatu. "Mwanangu Ade! Nyumba ni yako hii!"

"Shikamoo, Mzee Othman."

"Marahaba, baba, marahaba! Usijali yale ya zamani. Mimi siku zote nilikuwa najua una kipaji."

Nyuma ya pazia Bibi Maua alitema ganda la kahawa. "Alijua," alisema. "Ndiyo maana alimfukuza, akipeleke kipaji mbele."

Kabla hawajaketi, Adelard aliomba maji ya kunawa. Alijua bomba liko wapi. Alipita ukumbi mwembamba wa kwenda uani, na huko, kati ya mtungi na kamba ya nguo, wakakutana uso kwa uso.

Adelard alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zake zilikatwa na kinyozi wa bei ghali. Lakini macho yalikuwa yaleyale ya stendi, macho yanayocheka kabla ya mdomo.

"Nasreen," alisema. "Unajua nimelala hoteli ngapi nikiota ua huu?"

"Haya, umefika. Ua ndio huu. Kamba imekatika, tumeiunga."

Adelard akacheka, kicheko chake cha kweli kile cha chini chini, na moyo wa Nasreen ukaruka kama samaki. Kicheko kile hakikuwahi kutoka kwenye televisheni hata mara moja. Kilikuwa cha Ade mwenyewe.

"Bado una ulimi," alisema Ade, akasogea. "Nimekuja kukuchukua. Baba yako amekubali. Nitasilimu, nimeshachagua mpaka jina: Anwar. Kila kitu kiko tayari."

"Baba yako yuko wapi?"

Macho yale yakaacha kucheka.

"Nasreen, ile ni kazi. Kazi ya kuchekesha ina mambo yake. Mtu anauliza swali, taa zinakuwakia usoni, unasema kitu kinachouma ili watu waguswe."

"Ukamuua."

"Nimemjengea paa jipya!"

"Watu humjengea marehemu kaburi. Wewe umempa mabati." Aliishusha sauti. "Nisikilize, Ade. Sikuombi uache kazi. Sikuombi uivue hiyo kofia. Leo, hapa, mbele ya watu, mtaje. Sema tu: 'Huyu ni baba yangu.' Basi."

"Nitamtaja." Alimshika vidole, na vidole vikabaki. "Wallahi nitamtaja. Wewe ninyamazie tu wakikuuliza."

"Nitakunyamazia," alisema Nasreen, na alimaanisha. Alivivuta vidole vyake kama mtu anayetoa mkono kwenye maji ya moto aliyoyapenda.

*

Sebuleni mpiga picha alikuwa ameshapanga viti upya ili mwanga wa dirisha uangukie uso wa Ade. Othman aliulizwa kama picha ya Kaaba ukutani inaweza kusogezwa kidogo. Aliisogeza mwenyewe.

"Kwa heshima," alianza Adelard, "nimekuja na baba yangu mdogo, Mzee Polikarpi, kutoka Igurwa."

Mzee wa suti aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Huyu nimemlea kwa mikono yangu. Kule kwetu Igurwa."

Bibi Maua alitoka na kikapu kidogo cha kahawa, akakiweka mbele ya Polikarpi, akarudi nyuma hatua chache, mikono kwenye kiuno. Mtu aliyezaliwa Igurwa angechukua punje chache kwa vidole, akashukuru, akazitia kinywani. Polikarpi alikitazama kikapu. Akatazama kulia na kushoto.

"Asante, mama," alisema. "Na maji ya moto? Na sukari?"

"Ya nini, baba?"

"Si kahawa hii? Au mnasaga kwanza?"

Adelard alijipangusa kipaji cha uso. Othman akacheka kwa nguvu, peke yake. "Mzee ana mizaha! Ukoo mzima wachekeshaji!"

"Kweli," alisema Bibi. "Huyu ndiye aliyemlea Igurwa. Alimlea kwa barua." Akarudi nyuma ya pazia.

"Ni mwigizaji," Nasreen alinong'ona. "Nimemuona kwenye kipindi. Huwa anaigiza daktari."

"Basi ameleta daktari kwa sababu anajua nyumba ina mgonjwa," alijibu Bibi, akimuonyesha Othman kwa kidevu.

Othman alikuwa anakohoa kulainisha koo, akiangalia kamera badala ya wageni. "Sisi tumefurahi. Ingawa, mwanangu Ade, inauma kwamba mzee wako hayupo kuiona siku hii. Mungu amrehemu."

Alisema hivyo. Othman, ambaye Alhamisi iliyopita alimuuzia Hategekimana misumari.

Adelard aliinamisha kichwa chake kwa namna ileile ya kwenye televisheni. Nasreen aliushika mlango. *Sasa*, aliomba moyoni. *Sasa, Ade. Sema hajafa.*

"Amina," alisema Ade.

Ndipo hodi ikabishwa kwenye mlango wa mbele.

Mzee Hategekimana aliingia akiwa na mkungu wa ndizi begani na vumbi la barabara ya Igurwa kwenye suruali. Aliutua mkungu pembeni, akavua kofia. Ilikuwa kofia ileile, au mdogo wake.

"Hodi tena," alisema. "Musitishike. Nimesikia kuna posa yangu, nikasema ngoja nifufuke, nije niisikilize. Nimekunywa uji kwanza. Huko kwa wafu hawapiki."

Bibi Maua aliziba mdomo kwa ushungi, mabega yakimtikisika. Nasreen pia alicheka, machozi yakiwa karibu. Hapo hapo akaelewa kitu kilichomtia hasira kuliko vyote: mchekeshaji wa nyumba ile alikuwa huyu. Yule mwingine alikuwa ameazima.

Mpiga picha alishusha kamera, uso wake umejaa furaha.

"Aisee! Ade, huyu umemtoa wapi?" Akamgeukia mzee, akampiga bega. "Mzee, umempatia Mzee Mkungu! Sauti, kofia, kila kitu. Unamuigiza vizuri kuliko Ade mwenyewe!"

Mzee Hategekimana alimtazama mpiga picha. Kisha akamtazama mwanawe. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua.

"Ni wa kwetu?" mpiga picha aliuliza tena. "Ade? Huyu mzee ni nani? Nimuweke kwenye fremu?"

Wote wakamgeukia Adelard.

Nasreen alilisogeza pazia mpaka uso wake ukaonekana. Alitaka amuone. Na Ade alimuona. Macho yao yakashikana sebuleni mle, mbele ya kamera, na katika macho yale Nasreen alimwambia yote: stendi, mashairi mabovu ya usiku, kanga iliyolowa, vidole vya uani dakika chache tu zilizopita. *Neno moja, mpenzi wangu. Sina bei nyingine.*

Midomo ya Adelard ilifunguka. Akaitazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

Akaifunga midomo.

"Haya, haya!" Othman alidakia, jasho likimtoka. "Mzee, kaa pale nje kidogo, utaletewa chakula. Tusiwacheleweshe wageni. Tumuulize binti, tumalize. Nasreen! Umesikia posa ya Adelard. Unasemaje?" Akawageukia watu, akitabasamu kwa meno yote. "Sisi kwetu mwari akinyamaza, amekubali."

Nasreen alitoka nje ya pazia.

Hakuelekea kwa Ade. Alikwenda kwa Mzee Hategekimana, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akavuta kiti kilichofutwa vizuri kuliko vyote, kile cha baba yake mwenyewe, akamkalisha. Akachukua kikapu mbele ya Polikarpi, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee alichukua punje zake, akashukuru, akazitia kinywani. Hakuuliza sukari.

Ndipo Nasreen akamgeukia mwanaume aliyempenda.

"Baba amesema kweli, Ade. Kwetu kimya ni ridhaa. Umeulizwa huyu ni nani, ukanyamaza. Umeridhia awe mtu wa kuigiza. Sasa mimi nimeulizwa, na mimi sinyamazi."

"Nasreen, tafadhali, kamera..."

"Iache iwake! Wewe si huwaambia watu wakeshe wakutazame? Watazame na hili." Na kwa sauti ambayo hakujua anayo, sauti ya bibi yake, akampa alichokuwa amekitunga nyuma ya pazia tangu ile 'Amina':

"Umemzika babayo, yu hai anatembea,
na sauti yake hiyo, jukwaani wachezea,
nikikupa wangu moyo, nami utanizomea,
rudi kwa wakuchekao, huku umeshapotea."

"Nasreen!" Othman alinguruma. "Unanivunjia nyumba!"

"Nyumba gani, baba? Ulimfukuza maskini kwa kiburi, ukampokea tajiri kwa magoti. Mara zote mbili hukumtazama mtu. Bora ya kwanza. Siku ile angalau ulisimama wima."

Bibi Maua alisema "Naam" moja tu, kavu, na Othman akakaa chini kama gunia lililofunguliwa kamba.

Adelard alisimama katikati ya sebule. Alikuwa ameshika vipaza sauti mbele ya maelfu ya watu, alikuwa ameokoa jioni nyingi zilizoharibika, na sasa alitafuta mfukoni mwake kitu cha kumuokoa. Alikuta kimoja tu. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukazungusha kofia isiyokuwepo.

"Bwana we," alisema kwa ile sauti, akijaribu kutabasamu, "mimi ni mutu wa shamba tu..."

Akangoja kicheko. Nchi nzima ilikuwa imemzoesha kwamba baada ya pale kinakuja kicheko.

Hakikuja. Nje, mtaani, mtu alikuwa anapiga honi ya bodaboda. Mpiga picha alikuwa anamtazama mzee, kisha Ade, kisha mzee tena, na rangi ikawa inamtoka usoni. Aliizima kamera bila kuambiwa.

Mzee Hategekimana alimaliza kutafuna kahawa yake.

"Lakini mutoto wangu anamupenda mutoto wako," alisema.

Adelard alimtazama.

"Ndivyo yalivyokwisha yale maneno, Ade. Kila wiki nakwenda kwa jirani kukutazama, nangoja uyamalize. Unaishia nusu." Akavaa kofia yake. "Hiyo nusu wanayocheka haikuwa na kazi, mwanangu. Nilikuja hapa kwa ajili ya ile nyingine."

Ade Cheko alichukua miwani yake mezani, akaivaa, na akatoka nje kwa wale waliokuwa wakimngoja na simu zao. Polikarpi alimfuata, akichechemea kwenye viatu vyake vyenye ncha. Magari yaliondoka bila honi.

Nasreen alimsindikiza mzee mpaka getini. Mahali pale pale ambapo kijana mmoja mwembamba aliwahi kusimama akisikiliza, mzee alisita, akaangalia vumbi lililokuwa linatulia barabarani.

"Usimuchukie sana," alisema. "Mimi mwenyewe najaribu kumuchukia, inanishinda."

"Simchukii, baba. Namdharau. Ni rahisi zaidi."

"Uongo huo." Mzee alimtazama kwa jicho moja. "Haya, nirudishie ndizi zangu. Posa imekataliwa, nazo zinarudi nyumbani."

Nasreen akacheka. Na mzee naye akacheka, kicheko cha chini chini, kilekile cha uani. Nasreen alikijua kabla hakijaisha. Hata hicho Ade hakuwa amekizaa.

Akakiegemea kile kicheko, pale getini, kama mtu anavyoegemea bega, akakilia mpaka kikaisha.